KISWAHILI SIAKAGO: Maneno yanayochosha masikio na makosa yanayopotosha maana

YEYOTE aliyewahi kuketi katika baraza la chifu mjini Siakago, au katika mkutano wa wazazi, mazishi au harambee popote Mbeere, anaijua hotuba hii hata kabla haijaanza. Msemaji hutwaa kipaza sauti, akakohoa kidogo, kisha akatangaza: "Kwa majina naitwa fulani. Mimi kama mimi sina mengi ya kusema. Ningetaka tu kuchukua nafasi hii..." Nusu saa baadaye angali anaichukua nafasi hiyo.

Hotuba za aina hii huwakera wapenzi wa Kiswahili. Hata hivyo, si kila kinachokera ni kosa, wala si kila kosa lina uzito sawa na jingine. Yapo maneno yanayochosha masikio tu. Yapo makosa ya sarufi yanayogeuza maana na kuweza kumpotezea mtu haki yake. Na yapo matamshi ambayo si makosa hata kidogo, bali ni alama ya lugha ya mama ya msemaji. Mja anapoyachanganya haya matatu, aghalabu hucheka pasipostahili kicheko na kunyamaza panapostahili kusahihishwa. Makala haya yanayatenganisha, moja baada ya jingine.

Kiswahili kinavyotumika Siakago

Siakago ulikuwa makao makuu ya iliyokuwa Wilaya ya Mbeere. Baada ya Katiba ya 2010 kuleta kaunti, mji huu sasa umo katika Kaunti ya Embu, eneobunge la Mbeere Kaskazini. Una mahakama, ofisi za serikali na soko linalohudumia nyanda kame ambako wakulima hupanda ndengu, mtama na maembe, hufuga mbuzi na nyuki, na kuchuma muguka, zao linaloleta wanunuzi kutoka mbali.

Lugha ya nyumbani ni Kimbeere, ndugu wa damu wa Kiembu na jamaa wa karibu wa Kikuyu, Kichuka, Kitharaka na Kikamba. Lakini mnunuzi wa muguka, karani aliyehamishwa kutoka Magharibi, afisa wa polisi aliyezaliwa Pwani na mwalimu kutoka Nyanza hawawezi kuzungumza na mwenyeji kwa Kimbeere. Hukutana naye kwa Kiswahili. Kwa hivyo, katika mji kama huu Kiswahili si pambo la mitihani. Ni lugha ya kuuzia, kushtakia na kujitetea.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kanuni tunazoziita sanifu zilitoka mbali na Mbeere. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliteua lahaja ya Kiunguja, ya Zanzibar, iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kuisimamia kazi hiyo ikaanza mwaka 1930. Hata mwenyeji wa Mombasa, ambaye katika Kimvita husema "mato" kwa maana ya macho, ilimbidi ajifunze upya lugha aliyozaliwa nayo.

Nchini Kenya, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia pendekezo la Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Maana yake ni kwamba wengi wa wazee waliomaliza shule kabla ya hapo hawakuwahi kukalia mtihani wa Kiswahili. Walikiokota sokoni, kambini, katika mashamba ya walowezi na katika safari za kutafuta kazi. Mjukuu anayemcheka babu yake kwa kukosea ngeli anamcheka mtu ambaye hakuna aliyemfundisha ngeli.

Maneno yanayochosha masikio

Kundi la kwanza ni la maneno yanayojaza sentensi bila kuongeza chochote. Hayamdhuru mtu sana, ila yanapoteza muda na kuifanya lugha iwe chapwa.

KWA MAJINA NAITWA. Anayeitwa huitwa kwa jina, na hilo limekwisha kueleweka. Inatosha kusema "Naitwa fulani" au "Jina langu ni fulani".

MIMI KAMA MIMI, SISI KAMA VIONGOZI. Neno "kama" hulinganisha au huweka sharti. Mtu hawezi kujilinganisha na nafsi yake. "Sisi viongozi" ni Kiswahili kamili, na "mimi binafsi" hutosha anayetaka kusisitiza.

ALIWEZA. Hili ndilo sugu kuliko yote, na limeenea hata katika taarifa za habari. Utasikia kwamba "ajali iliweza kutokea" na kwamba "watu wawili waliweza kufariki". Kitenzi "weza" huonyesha uwezo au mafanikio. Anayesema marehemu aliweza kufa anampongeza kwa jambo ambalo hakulitafuta. Ajali ilitokea, watu wawili walifariki. Basi.

KULINGANA NA MIMI. Kulingana ni kuwa sawa au kuafikiana. Ripoti inaweza kutajwa kwa kusema "kulingana na ripoti", lakini anayetoa rai yake aseme "kwa maoni yangu" au "nionavyo mimi".

MWISHO WA SIKU. Katika Kiswahili, siku huisha jua linapotua. Mkulima anayeambiwa na mnunuzi kwamba "mwisho wa siku utalipwa" ana kila sababu ya kungoja hadi magharibi akitarajia pesa zake. Tunayo maneno "hatimaye" na "mwishowe", nayo hayajachakaa.

AMBAYE NA AMBAPO. Kirejeshi "amba-" ni halali, lakini hakihitaji mwenzake. "Mtu ambaye aliyeleta barua" ana virejeshi viwili kazini pamoja. Ama tuseme "mtu aliyeleta barua", ama "mtu ambaye alileta barua". Aidha, "ambapo" hurejelea mahali au wakati. Haifai kuwa gundi ya kuunganisha kila sentensi na inayofuata.

ATI NA YAANI. "Yaani" ni neno la kufafanua. Likitangulia kila sentensi halifafanui tena. "Ati" au "eti" ni jambo jingine. Neno hili hubeba shaka, kwa kuwa hutumiwa na anayeripoti maneno ambayo yeye mwenyewe hayaamini. Shahidi anayesema "ati alinipiga kwa rungu" huenda anamaanisha kwamba alipigwa kweli, kumbe ameutilia shaka ushahidi wake kwa kinywa chake mwenyewe.

Sarufi iliyotoka nyumbani

Kundi la pili ni la miundo ambayo imezoeleka bara kiasi kwamba wengi hawajui kuwa haimo katika Kiswahili sanifu. Mingi ina asili inayoeleweka.

Mzungumzaji wa Siakago husema "katoto" na "kanyumba", na wingi wake "tutoto" na "tunyumba". Kimbeere, sawa na Kikuyu na Kikamba, kina ngeli ya ka- na tu- kwa vitu vidogo. Kiswahili sanifu hutumia ki- na vi-: kitoto, vitoto, kijumba, vijumba.

Vivyo hivyo kwa "anakujanga" na "tunalimanga". Lugha nyingi za Kibantu za bara huonyesha mazoea kwa kiambishi cha mwishoni mwa kitenzi. Sanifu hukionyesha mwanzoni, kwa hu-: "huja", "hulima". Anayesema "anakujanga" hakukosa sarufi. Amechukua sarufi yake ya nyumbani akaivisha kitenzi cha Kiswahili.

"Niko na pesa" husemwa badala ya "nina pesa", na "maji iko" badala ya "maji yapo". "Kuja hapa" husemwa badala ya "njoo hapa", na "usikuje" badala ya "usije". "Naweza sema" imepoteza ku- yake, ambayo sanifu huidai: "naweza kusema". "Nilimpea" imejiongezea irabu. Sahihi ni "nilimpa". "Sikuja juu nilikuwa mgonjwa" imelifanya neno la mahali kuwa neno la sababu. Mgonjwa hakuwa juu ya kitu chochote. Alikosa kuja "kwa sababu" au "kwa kuwa" alikuwa mgonjwa.

Upatanisho wa ngeli ndio unaowasumbua wengi. "Vitu hii", "watoto hii" na "ile kitu" husikika kila siku. Sahihi ni "vitu hivi", "watoto hawa" na "kile kitu". Majina ya wanyama nayo hufuata ngeli ya viumbe wenye uhai: "ng'ombe wangu amepotea", si "ng'ombe yangu imepotea". Hata hivyo, sanifu yenyewe husema "rafiki yangu" na "ndugu zangu", ingawa rafiki na ndugu wana uhai. Anayejifunza akitatizika hapo, tusimlaumu. Lugha yenyewe imemwekea mtego.

Na ipo "masaa". Walimu hulipiga vita neno hili kwa haki, kwa kuwa "saa" haibadiliki katika wingi. Lakini si vibaya kujiuliza mbona halifi. Ukisema "nilingoja saa mbili", msikilizaji hajui kama uliingoja saa mbili ya asubuhi ifike, ama ulingoja kwa muda huo wote. Watu waliibuni "masaa" ili kuondoa utata huo. Dawa yake si kukaripia tu, bali kutoa mbadala ulio wazi: "nilingoja kwa muda wa saa mbili".

Makosa yanayogeuza maana

Sasa tufike penye uzito. Kuna makosa ambayo hayamfanyi mtu acheke wala akereke, kwa sababu sentensi inasikika sawa kabisa. Hatari yake imo humo.

KUKODI NA KUKODISHA. Kukodi ni kulipa ili utumie mali ya mwingine. Kukodisha ni kumpa mwingine mali yako aitumie kwa malipo. Nchini Kenya wengi hutumia "kukodisha" kwa maana zote mbili. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima amelipia ekari mbili za jirani ili apande ndengu kwa misimu mitatu. Jirani anafariki, watoto wake wanalidai shamba kabla muda kuisha, na mkulima anasimama mbele ya wazee kueleza: "Mimi nilikodisha shamba hili miaka miwili iliyopita." Kwa Kiswahili sanifu, amejitangaza kuwa ndiye mwenye shamba. Watoto wa marehemu watamwona mwongo na mnyang'anyi wa ardhi, ilhali alikuwa akidai msimu mmoja tu alioulipia. Laiti angesema "nilikodi", au hata "nilimlipa marehemu ili nilime", pasingekuwa na zogo.

Jozi ya "kukopa" na "kukopesha" hufuata mantiki ile ile. Anayekopa huchukua, anayekopesha hutoa. Katika chama cha akina mama au katika karatasi ya makubaliano, kiambishi hicho kimoja ndicho kinachoamua nani anamdai nani.

MWENYE. Katika mazungumzo ya bara, neno hili limekuwa kirejeshi: "mtu mwenye alilima", "gari yenye ilipinduka". Sanifu ni "mtu aliyelima" na "gari lililopinduka". Kero si sarufi pekee. "Mwenye" ndilo neno letu la kutaja miliki: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye shamba. Panapozungumzwa ardhi, kusema "mwenye alilima hapa" ni kufungua mlango ambao wakili mwerevu wa upande wa pili anaweza kuupitia.

KUIBWA NA KUIBIWA. "Nimeibwa simu" husemwa kila siku katika steji za matatu. Kilichoibwa ni simu. Mwenye simu ameibiwa. Mtu akiibwa, basi ametekwa nyara, na taarifa hiyo ni ya aina nyingine kabisa katika kitabu cha matukio cha polisi. Kadhalika, aliyepewa mbuzi mgonjwa kwa pesa zake "ameuziwa" mbuzi. "Ameuzwa" ni mbuzi.

SUALA NA SWALA. Suala ni jambo linalojadiliwa, na wingi wake ni masuala. Swala ni ibada ya Waislamu, na pia ni mnyama wa porini mwenye mbio. "Swala la maji Mbeere" lingeweza kuwa jina la hadithi ya watoto.

Yote haya hurekebishika kwa urahisi iwapo mtu ataelezwa sababu. Mkulima akishafahamu kwamba -sha ya "kukodisha" inampa mwingine mali, hasahau tena.

Lafudhi si kosa

Kundi la tatu ndilo linalochekwa zaidi, nalo ndilo linalostahili kicheko kidogo kuliko yote.

Kimbeere na jamaa zake wa karibu hakina sauti mbili za r na l zinazotofautisha maneno. Kwa sababu hiyo, msemaji huweza kusema "rara" akimaanisha "lala", au akiogopa kukosea, akapindukia upande wa pili na kusema "habali". Zipo jozi ambazo hubadilika maana: mahali na mahari, fahali na fahari, kula na kura. Mwanasiasa anayewasihi wakazi "wapige kula" amewachekesha wengi. Lakini ni nani katika mkutano huo aliyedhani anaalikwa kwenye chakula? Muktadha humwokoa msemaji.

Sauti nyingine ni th na dh. Katika maandishi ya lugha hizi, herufi th huwakilisha sauti ambayo Kiswahili huiandika dh. Si ajabu basi "thelathini" ikasikika kama "dheladhini". Pia b, d na g huambatana na sauti ya pua, ndipo ukasikia "ndawa" na "ngari".

Tahadhari moja yatosha hapa. Sauti zinazofanana mdomoni hazina budi kutenganishwa katika maandishi. Mdhamini ni yule anayesimama mahakamani ili mshtakiwa aachiliwe kwa dhamana, au anayetia sahihi akubali kulipa mkopo mkopaji asipolipa. Mthamini ni mtaalamu anayekadiria bei ya shamba au nyumba. Kuthamini urafiki hakugharimu chochote. Kudhamini mkopo wa rafiki kunaweza kukupotezea ng'ombe. Mwanafunzi afunzwe kuyaandika maneno hayo tofauti, hata kama ulimi wake utayatamka sawa maisha yake yote.

Lakini kuandika ni kuandika, na kutamka ni kutamka. Mwanafunzi anayechekwa darasani kwa kusema "rara" hajifunzi l. Hujifunza kunyamaza. Tabia hiyo hukua naye. Akiwa mtu mzima hatauliza swali barazani, hatapinga bei ya mnunuzi anayezungumza kwa ufasaha kumzidi, na akisimama kizimbani atajibu "ndiyo" kwa maswali ambayo hakuyaelewa, mradi asirefushe aibu. Huo ndio udhia halisi wa lugha katika miji kama Siakago, nao haumo katika kinywa cha anayekosea, bali katika kicheko cha anayesikia.

Katiba inalitambua jambo hili. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, huku ikiitaka serikali ilinde na kukuza lugha za Wakenya kwa jumla. Ibara ya 50 nayo inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mzee anayehisi kwamba Kiswahili chake hakitoshi kuieleza kesi yake hana haja ya kubahatisha. Aombe kusema kwa Kimbeere. Haki hiyo si msaada wa hisani.

Namna ya kusahihisha

Kwa walimu, makarani, machifu na yeyote anayewasikiliza watu kazini, utaratibu huu unafaa.

Kwanza, pima uzito wa kosa. Ikiwa neno linachosha tu, liache lipite. Mkumbushe msemaji baadaye, mkiwa wawili. Pili, ikiwa neno linaweza kugeuza maana, uliza papo hapo, ila uliza kuhusu jambo na si kuhusu sarufi. Mtu akisema "nilikodisha shamba", usimwambie kwamba amekosea. Muulize: "Nani alimlipa mwenzake?" Jibu lake litaondoa utata wote, na heshima yake itabaki pale pale.

Tatu, usiandike kamwe maneno kama "kukodisha", "kukopesha" au "mdhamini" katika hati ya makubaliano kabla ya pande zote mbili kueleza kwa maneno yao wenyewe nani anatoa nini na nani anapokea nini. Nne, lafudhi iachwe. Hakuna hati iliyowahi kubatilika kwa sababu aliyeisoma kwa sauti alisema "ngari".

Wahenga walinena kwamba kosa moja haliachi mke. Hawakusema kwamba kosa lisitajwe. Walisema lipimwe. Nasi tukiweza kupima hivyo, huenda yule msemaji wetu wa barazani akapunguza "nafasi hii" na "mimi kama mimi", akafikia upesi jambo lililomleta. Kwa kawaida analo jambo. Alitembea kutoka mbali kuja kulisema.